Tochi ya Porini na Franka ya Muuzaji: Namna ya Kuandika Ukweli juu ya Vifaa vya Kuwinda



Tangu tuanze kuandika hapa juu ya vifaa vya porini, kuna swali moja linalorudi kila mara: "Balibalipa ngapi?" Wenzangu wengine wa kamati wanakasirika wakiulizwa hivyo. Miye sikasiriki. Njo swali la kwanza ambalo msomaji mwenye akili anapaswa kuuliza. Kama hatuwezi kulijibu kwa sentensi moja, basi tulichoandika ni tangazo lililovaa koti la makala.

Nataka leo nieleze kanuni tunazojaribu kufuata hapa Karavia tunapopima kifaa na kukiandikia, na sababu ya kila kanuni. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaotaka kutuandikia, na pia kwa wale wanaosoma tu, ili wajue namna ya kutukamata tukidanganya.

Vifaa gani, na kwa nani?

Nikisema vifaa vya kuwinda, usifikirie paka mtu mwenye bunduki. Ndani ya chama chetu kuna wanajiolojia, maagronomi, madaktari wa mifugo, na watu wa biolojia waliomaliza UNILU, ambao kazi yao ni kuingia msituni wiki nzima. Kuna waliozaliwa katika familia za wawindaji ku barabara ya Kasenga, au kule Mitwaba. Wote wanatumia vitu vile vile: tochi ya kichwani, bote za mpira, kisu, jumeli, koti la mvua, begi. Na tochi ya mwindaji njo hiyo hiyo unayowasha nyumbani umeme wa SNEL ukikatika.

Tunatofautiana na msomaji wa gazeti la uwindaji la Ulaya ku jambo moja: yeye akinunua tochi mbaya, anairudisha dukani, franka yake inarudi. Hapa ukinunua ku soko ya Kenya au ku soko ya Mzee, mara nyingi hakuna risiti, hakuna garanti, na kesho muuzaji atakuambia hakujui. Mwanafunzi anayetoa dola 15 kununua tochi ametoa chakula cha siku nyingi. Ikizima akiwa katikati ya miombo, saa mbili za kutembea kutoka kijijini, hana wa kumlalamikia. Basi maneno yetu njo garanti peke yake aliyo nayo. Hilo linatosha kufanya tuwe wakali.

Coupage, mgonjwa tunayemjua

Kila mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa waandishi wa habari katika nchi hii anajua neno coupage. Mkutano unaisha, bahasha inapita, na wanaiita "transport". Kesho yake habari inatoka, nzuri, bila swali hata moja gumu.

Ni rahisi kumlaumu mwandishi. Lakini tuangalie chanzo. Vyombo vingi haviwalipi waandishi wao, au vinawalipa kidogo sana, kwa hiyo anayeandikwa njo anageuka kuwa mwenye kumlisha mwandishi. Kanuni nzuri hazikukosekana. Tamko la München la mwaka 1971, ambalo waandishi wengi wa dunia ya Kifaransa wanalifuata, linasema wazi kwamba mwandishi asichanganye kazi yake na ile ya mtangazaji wa biashara, wala asipokee maagizo kutoka kwa wenye kulipia matangazo. Waandishi wa Kongo nao walipitisha kanuni zao za maadili mwaka 2004. Karatasi iko. Kinachokosekana ni mshahara unaomwezesha mtu kuifuata hiyo karatasi.

Ninalisema hili kwa sababu wanaotuandikia hapa nao hawalipwi. Tuna ugonjwa ule ule, tofauti ni kwamba bahasha yetu inakuja kwa sura ya tochi ya bure.

Hata kwa wakubwa inatokea

Usidhani ni shida ya Kongo peke yake. Ku Marekani, magazeti ya uwindaji yanaishi kwa matangazo ya viwanda vile vile ambavyo yanapaswa kuvihukumu. Mwezi wa Februari 2007, Jim Zumbo, mwandishi wa uwindaji aliyeheshimiwa miaka mingi katika gazeti la Outdoor Life, aliandika kwamba bunduki za aina ya kijeshi hazina nafasi katika uwindaji. Wasomaji walikasirika sana. Katika siku chache tu kiwanda cha Remington kilivunja uhusiano naye, na kazi yake ku gazeti ikaisha. Mwaka 2013 Dick Metcalf wa gazeti la Guns & Ammo aliandika makala moja akisema kwamba haki ya kuwa na silaha ina mipaka. Naye akaondolewa, baada ya wasomaji kupiga kelele na viwanda kuonyesha kwamba vitaondoa biashara yao.

Sisemi walikuwa na haki au hawakuwa nayo. Ninachotaka uone ni hiki: hawa hawakupewa bahasha. Mwandishi hahitaji kuhongwa ili anyamaze. Inatosha ajue nani analipa karatasi na wino. Na kuna jambo la pili ambalo tunalisahau: wasomaji pia wanaweza kumsukuma mtu aandike paka kile wanachopenda kusikia. Kama wote tunapenda aina fulani ya tochi, atakayesema ni mbaya atatukanwa. Uaminifu unahitaji kujilinda pande zote mbili.

Kuna waliopata njia. Consumers Union ilianzishwa Marekani mwaka 1936, na gazeti lake, linaloitwa leo Consumer Reports, halichukui matangazo, na vitu linavyopima linavinunua lenyewe dukani kama mteja yeyote. Uingereza wakafuata mwaka 1957 na gazeti la Which?. Siri yao si vipimo vya ajabu. Ni kununua kwa franka yao, bila kumwambia muuzaji kwamba wanakuja kupima. Ukipewa kifaa na mwenye kiwanda, atakuchagulia kile kizuri kuliko vyote. Ukinunua mwenyewe, unapata kile atakachopata jirani yako.

Boksi linasema nini, na linaficha nini

Huwezi kuhukumu kifaa kwa haki kama hujui kusoma boksi lake. Nitachukua tochi kama mfano, kwa sababu njo kifaa kinachodanganyiwa zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Lumina wa Marekani walipeleka maabara tochi za LED zilizokuwa zinauzwa katika masoko ya Kenya, na vipimo vikathibitisha malalamiko ya wanunuzi: ubora ulikuwa mbaya. Soko letu si tofauti.

Kuna kipimo kinachojulikana kama ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009, ambacho viwanda vya tochi vinakitumia kwa hiari yao. Ukikielewa, utaelewa ujanja mwingi.

Kwanza, umbali. Boksi likisema "mita 200", maana yake ni kwamba ku mita 200 mwanga unaobaki ni wa robo lux, yaani karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Unaweza kuona kwamba kuna kitu kule. Kujua kama ni mbuzi wa jirani au mnyama wa pori, hapana. Kwa kutambua kitu vizuri, fikiria nusu ya huo umbali au chini yake.

Na hesabu iko. Umbali wa mita unapatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kandela, kisha kuzidisha kwa mbili. Tochi ya kandela 10,000: kipeuo chake ni 100, mara mbili ni mita 200. Sasa muuzaji anakuambia: "Yaya, hii inamulika paka kilomètre mbili!" Geuza hesabu. Mita 2,000 ugawe kwa mbili ni 1,000, na 1,000 mara 1,000 ni kandela milioni moja. Tochi ndogo ya dola tano haifiki huko hata siku moja.

Pili, muda. "Saa 8" katika kipimo hicho ni muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inaweza kuwaka kwa nguvu nusu saa, kisha ikajikokota saa saba na nusu kama mshumaa, na boksi halijadanganya. Njo maana sisi hatuandiki muda mmoja. Tunaandika baada ya dakika ngapi mwanga ulianza kushuka, na baada ya muda gani haukufaa tena kutembelea.

Tatu, maji. Alama ya IPX4 ni kwa maji ya kurukiwa, kama mvua. IPX7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Mtu anayevuka mto anahitaji kujua tofauti hiyo kabla ya kuvuka.

Nne, betri. Betri nyingi za tochi hizi ni zile za 18650: 18 ni milimita za upana, 65 ni milimita za urefu. Betri nzuri kabisa za aina hiyo zinazunguka 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, usiulize swali la pili, ni uongo. Na kuna kipimo ambacho hata mtoto anaweza kufanya: betri ya kweli ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45. Ile ya uongo mara nyingi ni nyepesi sana, maana ndani kuna betri ndogo zaidi au kitu cha kujaza nafasi. Mzani wa wauza malachite unatosha kabisa.

Ujanja huo huo uko ku jumeli. "10x42" maana yake ni kukuza mara 10, na kioo cha mbele cha milimita 42. Chukua rula ya mtoto wa shule. Ukiona jumeli imeandikwa "30x60" na kioo chake cha mbele kina milimita 22 tu, umeshamaliza kazi ya kupima, hakuna haja ya kupanda mlima.

Kanuni zetu

Baada ya hayo, kanuni zenyewe ni fupi.

Mstari wa kwanza wa kila makala unasema nani alilipa kifaa, bei gani, wapi na lini. Si mwishoni kwa herufi ndogo. Mwanzoni. Kama kimeazimwa, tunasema kimeazimwa na kimerudishwa.

Undugu pia unatajwa. Katika mji huu nusu ya wauzaji ni bashemeji zetu. Si dhambi kuandika juu ya duka la mjomba, lakini msomaji ajue ni mjomba. Na kama inawezekana, mtu mwingine njo aandike.

Tunaeleza tulivyopima, kwa namna ambayo wewe unaweza kurudia. Kwa tochi: chumba kile kile cha giza, ukuta ule ule, simu iliyofungwa mahali pamoja ikipiga picha kila dakika 15. Kwa bote: tunasimama ndani ya maji tukiwa tumetandika gazeti ndani, tunaangalia gazeti. Kwa kisu: kamba ya aina moja, tunahesabu mikato mpaka makali yaishe. Hakuna maabara, lakini hakuna uchawi pia.

Tunaandika kile ambacho hatukupima. Bote zilizovaliwa mwezi wa Agosti hazijaonja matope ya Januari. Ukizisifu kwa "majira yote" kabla ya mvua, umeandika hadithi. Kwa hiyo kila makala ina tarehe, na baada ya miezi sita mwandishi anarudi kusema kifaa kiko namna gani. Mara nyingi hiyo makala ya pili njo yenye faida, maana gundi ya bote haiachi siku ya kwanza.

Tunalinganisha. "Nzuri" peke yake haina maana. Nzuri kuliko ipi, kwa bei gani? Tochi ya dola 6 inayofanya kazi ya ile ya dola 10 ni habari.

Muuzaji hasomi makala kabla haijatoka. Anaweza kuulizwa swali, na jibu lake tunaliweka kama alivyolisema. Tukikosea namba, tunasahihisha palepale, na tunaacha alama kwamba tumesahihisha.

Tangazo ni tangazo. Chama kinaweza kupokea tangazo la kulipiwa siku moja, sikatai. Lakini neno TANGAZO liandikwe juu, na mtu anayepima vifaa asiwe yule anayepokea hiyo franka. Marekani, tangu Oktoba 2024, kuna kanuni ya serikali inayokataza kununua na kuuza maoni ya uongo juu ya bidhaa. Sisi hatuhitaji kungoja serikali.

Vitu ambavyo hatuandikii

Hatupimi bunduki, risasi, wala waya wa mitego. Wengine wanatuuliza kama ni woga. Hapana. Silaha katika nchi hii zina sheria yao ya mwaka 1985, na uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali, inayoweka misimu, na inayotenganisha wanyama waliolindwa kabisa na waliolindwa kwa sehemu. Mwaka 2014 ikaongezwa sheria ya kulinda viumbe na mazingira yao. Na Haut-Katanga yetu iko jirani na Upemba, mbuga iliyoundwa mwaka 1939, ambako punda milia wa mwisho wa Kongo wanaishi, pamoja na Kundelungu ya mwaka 1970.

Waya wa mtego hauchagui mnyama. Kuandika waya upi unakamata vizuri ni kumsaidia mtu ambaye hatujui anatega wapi. Tochi inaweza kutumiwa vibaya pia, najua. Lakini tochi ina kazi mia moja za halali, na waya wa mtego hauna. Hapo njo tumechora mstari. Na kila makala inayogusa uwindaji inakumbusha sheria kwa sentensi moja, maana msomaji wa miaka 20 anaweza kudhani kwamba kinachouzwa sokoni wazi kinaruhusiwa kutumiwa popote.

Dola hamsini

Sasa nifike ku kile ambacho kilitugawanya. Kuna mfanyabiashara mmoja, jina nalibakisha, alikuja na tochi tano za kichwani na dola 50. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa heshima: "Baleki, mukuwe paka banaandika bizuri. Hii ni ya transport yenu." Tochi zenyewe, tulivyoziona kwa macho, hazikuwa mbaya.

Katika kamati, leki wetu mmoja ambaye ana diploma tangu miaka miwili na hajapata kazi alisema kitu ambacho hakuna aliyeweza kukicheka: "Kama tochi ni nzuri, na tutasema ni nzuri, uongo uko wapi? Miye niko na nyumba ya kulipa."

Hilo ni hoja kweli, na linahitaji jibu la kweli, si mahubiri. Jibu langu lilikuwa hili. Hatujui kama tochi ni nzuri mpaka tuipime, na mtu aliyekwisha kula dola 50 hatapima kwa macho yale yale. Ikizima dakika ya 40, ataiongezea. Atasema labda betri haikujaa. Na hata tukisema ukweli mtupu, msomaji akijua juu ya hizo dola hatatuamini, na hatatuamini pia siku tutakapoandika juu ya kitu kingine. Dola 50 zingenunua makala moja, lakini zingelipwa na makala zote.

Lakini leki naye alikuwa na haki sehemu moja: kanuni isiyokuwa na franka nyuma yake itavunjika. Kwa hiyo tulirudisha bahasha na tochi, na tukaanzisha likelemba. Kila mwezi watu 12 wanatoa faranga kidogo. Kapu linanunua kifaa kimoja ku soko, bila kusema sisi ni nani. Linamlipia mwandishi usafiri na megabaiti. Baada ya miezi sita kifaa kinauzwa kwa mnada kati yetu, na franka inarudi kwenye kapu. Si mshahara, nakubali. Leki bado anatafuta kazi. Lakini transport yake sasa inatoka kwa wasomaji na wenzake, haitoki kwa yule anayemhukumu.

Yule mfanyabiashara tulimwambia tutanunua tochi yake wenyewe zamu yake ikifika. Tulinunua mwezi uliofuata, ku duka lingine. Ilipata alama ya kati: mwanga mzuri saa moja na dakika kumi, kisha ikashuka, mvua iliivumilia, mkanda wa kichwani ulilegea mwezi wa tatu. Tumeandika hivyo hivyo, pamoja na bei. Tangu siku hiyo ameuza tochi, na wanaonunua wanakuja wakijua mkanda utalegea. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumtukana.

Anayetaka kuandika mwezi ujao, zamu ni ya bote za mpira, na mvua zimeshaanza. Leta gazeti la kutandika ndani.